Muulize Mwalimu wa Fizikia: Alama ya Hasi Usiifute

Barua za safari hii zimetoka Masasi, Lindi mjini, Nachingwea, Tandahimba, Newala na Kilwa Masoko. Zote zinahusu umeme, sumaku na mwanga. Nimezisoma nikiwa na kalamu na karatasi, nikifanya kila hesabu upya, na jambo moja limejirudia mpaka likanigusa: walioandika wanazijua kanuni na namba wanaziingiza vizuri, lakini mwelekeo wameuacha nje. Mkondo unakwenda wapi? Mwanga unapinda kuelekea upande gani? Taswira imekaa upande upi wa lenzi? Pale mwelekeo unapoamua jibu nitakaa kwa muda. Kwingineko nitapita haraka.

*Shikamoo Mwalimu. Tulipewa swali hili: kitu chenye urefu wa sentimita 3 kimewekwa sentimita 15 mbele ya lenzi mbinuko yenye urefu wa fokasi wa sentimita 20. Tafuta taswira iko wapi na ina urefu gani. Nilipata hasi 60. Nikaona umbali hauwezi kuwa chini ya sifuri, nikafuta alama ya hasi nikaandika 60. Nimepata nusu ya maksi. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Masasi)*

Marahaba mwanangu. Hesabu yako ilikuwa safi mpaka ulipochukua kifutio. Tuirudie ili na wenzako waione. Kanuni ni 1/f = 1/u + 1/v, ambapo f ni urefu wa fokasi (umbali kutoka kwenye lenzi hadi pale inapokutana miale iliyoingia sambamba), u ni umbali wa kitu kutoka kwenye lenzi na v ni umbali wa taswira. Kwa hiyo 1/v = 1/20 − 1/15. Kigawe kidogo cha shirika ni 60, tunapata 3/60 − 4/60, yaani −1/60. Basi v ni hasi 60.

Hiyo hasi inakutajia upande. Kwa mtindo tunaotumia mashuleni kwetu, v ikiwa chanya, miale imepita kwenye lenzi na kukutana kweli upande wa pili. Ukiweka karatasi pale, taswira itaonekana juu yake. Ikiwa hasi, miale ikitoka kwenye lenzi inaendelea kutawanyika na haikutani popote. Jicho lako ndilo linaloinyoosha miale hiyo kurudi nyuma, likadhani imetoka mahali fulani upande uleule kilipo kitu. Taswira ya namna hiyo si halisi, imesimama wima kama kitu chenyewe, wala huwezi kuidaka kwenye karatasi. Wewe ulipofuta kile kistari kimoja, uliihamisha taswira upande wa pili wa lenzi, ukaigeuza kichwa chini na ukaifanya halisi. Nusu ya maksi ilikwenda huko.

Ungeweza kuyajua haya kabla ya kugusa kanuni. Chukua rula. Chora mstari mrefu wa kulala, simamisha lenzi katikati, weka alama ya fokasi sentimita 20 kila upande (kwa mizani ya sentimita 1 ya karatasi kwa sentimita 5 inatosha daftarini). Simamisha kitu kwenye 15, yaani kati ya fokasi na lenzi. Kutoka ncha ya kitu chora mwale mmoja unaokwenda sambamba na mstari wa kulala. Ukifika kwenye lenzi unapinda na kupita kwenye fokasi ya upande wa pili. Chora wa pili upite katikati ya lenzi bila kupinda. Utaona kwa macho yako mwenyewe kwamba upande wa pili miale hiyo miwili inaachana. Zinyooshe nyuma kwa mistari ya nukta, zitakutana upande wa kitu. Ukiona hivyo unajua v lazima iwe hasi, na kama hesabu ingekuletea chanya ungejua kuna mahali umeteleza.

Urefu sasa ni rahisi: 60 gawa kwa 15 ni 4, taswira ni kubwa mara nne, sentimita 12.

Kama nyumbani kuna mtu mzima mwenye miwani ya kusomea, iazime kwa heshima. Tuseme imeandikwa +2.50. Urefu wa fokasi kwa mita ni 1 gawa kwa 2.5, yaani mita 0.4, sentimita 40. Ingia chumbani mchana, funga madirisha, acha mlango wazi, na simamisha karatasi nyeupe kwenye ukuta unaotazamana na mlango. Shika kioo kimoja cha miwani sentimita 40 mbele ya karatasi. Utauona mnazi wa nje umechorwa kwenye karatasi kichwa chini, na rangi zake. Hiyo ndiyo v chanya. Sasa mrudishie bibi miwani yake, asome kitabu alichokishika sentimita 25 kutoka machoni. Piga hesabu: 1/40 − 1/25 inakupa v ya hasi 67 hivi. Jicho la bibi haliwezi tena kuona vizuri kwa sentimita 25, lakini kwa sentimita 67 linaweza, na miwani imempelekea maandishi huko. Bibi anasoma kwa sababu ya alama ya hasi.

Neno moja la tahadhari kwa wanaojisomea kwenye simu. Video nyingi za walimu wa India zinaandika 1/f = 1/v − 1/u na zinaweka u kuwa hasi tangu mwanzo. Ukifuata mtindo huo mpaka mwisho utapata hasi 60 ileile. Ukichukua kanuni ya huko na alama za huku, utapata jibu lisilo la popote. Chagua mtindo mmoja, uandike juu ya ukurasa, ubaki nao.

*Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni fundi redio hapa Lindi mjini. Kijana wangu wa kidato cha nne alileta swali la transfoma ya volti 230 kwenda volti 12. Kanuni yake inasema volti zinafuata idadi ya mizunguko ya waya, na kwamba transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Nikachukua transfoma ya redio ya zamani, nikaunganisha betri ya gari ya volti 12 kwenye upande wa 12 ili nipate 230 niwashe TV. TV haikuwaka, waya ulipata moto hadi nikauchomoa. Kanuni ya shule ni ya uongo? (Fundi, Lindi)*

Nzuri, fundi. Kanuni ni ya kweli, ila kuna sharti ambalo mara nyingi linapitwa haraka darasani, nalo ndilo roho ya mada nzima.

Mwaka 1831, mwezi wa nane, Michael Faraday huko London alizungushia koili mbili kwenye pete moja ya chuma. Moja aliiunganisha na betri, nyingine na chombo chenye sindano inayocheza mkondo ukipita. Alipounganisha betri, sindano ilicheza, kisha ikarudi kwenye sifuri na kutulia, ingawa betri ilikuwa bado imeunganishwa. Alipoichomoa betri, sindano ikacheza tena, safari hii upande wa kinyume. Betri ikiwa imetulia, hakuna kitu. Kilichozaa umeme kwenye koili ya pili kilikuwa ni kubadilika kwa uga sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku inafanya kazi, ndani ya chuma. Uga uliotulia, hata uwe mkubwa namna gani, hauzai kitu.

Umeme wa TANESCO ukutani ni mkondo geu: kwa masafa ya 50 kwa sekunde, mwelekeo wake unageuka mara 100 kila sekunde, kwa hiyo uga kwenye chuma cha transfoma hauna nafasi ya kutulia. Betri ya gari inatoa mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu. Ulipoiunganisha, koili ya upande wa 12 ikawa waya mtupu. Tuseme ukinzani wake ni omu 0.5. Mkondo ni 12 gawa kwa 0.5, ampea 24. Nguvu inayopotea ni 12 mara 24, wati 288, na zote zinageuka joto ndani ya transfoma ndogo ya redio. Ndiyo maana ulikimbilia kuuchomoa.

Naomba usirudie jaribio hilo, fundi wangu, kwa sababu nyingine pia. Unapochomoa waya wa betri, uga unaanguka ghafla, na kwa kitambo hicho kifupi cha kuchomoa, upande wa mizunguko mingi unaweza kutoa volti nyingi sana. Mkono ukiwa kwenye ncha hizo utapigwa vibaya. Ukitaka kuendesha TV kwa betri au sola, unahitaji inveta. Ndani yake kuna vifaa vinavyokata na kugeuza mkondo wa betri mara nyingi kwa sekunde kabla haujaingia kwenye transfoma. Hapo sharti la Faraday linatimia na kanuni ya kijana wako inafanya kazi.

Sasa swali lake. Mizunguko 1150 upande wa 230, volti 12 upande wa pili: mizunguko ni 1150 mara 12 gawa kwa 230, yaani 60. Sehemu ya pili ya swali, redio inakula ampea 2 na ufanisi ni asilimia 80. Nguvu inayotoka ni 12 mara 2, wati 24. Inayoingia ni 24 gawa kwa 0.8, wati 30. Mkondo unaoingia ni 30 gawa kwa 230, ampea 0.13. Kijana aliandika 0.08 kwa sababu alizidisha kwa 0.8 badala ya kugawanya, wati 24 zikawa 19 akajikuta amepotea njia. Ajiulize swali moja: kinachoingia kinaweza kuwa kidogo kuliko kinachotoka? Hakiwezi. Basi agawanye.

Nikiwa hapohapo niseme la gesi yetu, maana wengi huniuliza. Gesi ya Mnazi Bay, kule Mtwara, haigeuki umeme yenyewe. Inachomwa, injini inazunguka, na injini inazungusha sumaku karibu na koili. Ni sindano ileile ya Faraday inayoendelea kuchezeshwa usiku na mchana.

*Mwalimu, chaji mbili za +4 na +9 mikrokulombu ziko sentimita 50 kutoka kwa kila moja. Wapi uga wa umeme ni sifuri? Nimepata majibu mawili, sentimita 20 na hasi 100, yote kutoka kwenye chaji ndogo. Nichague lipi, na kwa nini hesabu inatoa mawili? (Kidato cha tano, Nachingwea)*

Swali zuri sana, na nafurahi hukukata moja bila kuuliza.

Ulisawazisha 4/x² na 9/(50 − x)². Ukitafuta kipeuo cha pili pande zote, 2/x ni sawa na 3/(50 − x), hapo x ni 20. Au ni sawa na kinyume chake, hapo x ni hasi 100. Hesabu uliyoiandika inauliza tu ni wapi uga wa chaji moja una ukubwa sawa na wa nyingine. Kwa swali hilo majibu yote mawili ni sahihi. Lakini mtunga swali anataka uga ujumlishwe uwe sifuri, na uga una mshale.

Chora. Kwenye sentimita 20, kati ya chaji mbili, ile ya +4 inasukuma kuelekea kulia na ile ya +9 inasukuma kuelekea kushoto. Ni kama vijana wawili wenye nguvu sawa wanaovuta ngalawa moja, kila mmoja upande wake, haisogei. Kwenye hasi 100, nje kabisa upande wa kushoto, chaji zote mbili zinasukuma kuelekea kushoto. Ukubwa ni sawa, lakini zinajumlishana. Jibu ni sentimita 20.

Na sasa geuza ile ya +9 iwe −9, namba nyingine ziache. Majibu ya hesabu yatakuwa yaleyale, 20 na hasi 100. Chora mishale upya, utaona mwenyewe ni lipi linalobaki.

*Mwalimu, salaam. Mimi niliishia darasa la saba, binti yangu yuko kidato cha tatu. Naona kwenye daftari lake umeme na mwanga vinafuatana, na akaniambia mwalimu wao amesema ni kitu kimoja. Vinahusianaje? Halafu ana swali la redio ya 100 MHz hajui aanzie wapi. (Mama, Tandahimba)*

Wa alaikum salaam, mama. Mwalimu wao amesema kweli. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona waya wenye mkondo ukisogeza sindano ya dira. Hapo umeme na sumaku vikafungwa pamoja. Faraday akaonyesha njia ya kurudi, sumaku inayobadilika inazaa umeme. Mwaka 1865 James Clerk Maxwell wa Scotland alichapisha milinganyo iliyoonyesha kwamba umeme na sumaku vikizaana hivyo bila kukoma vinasafiri kama wimbi. Alipokokotoa kasi ya wimbi hilo kutokana na vipimo vya umeme vilivyofanywa mezani, akapata kasi ya mwanga. Hakuna taa iliyowashwa katika vipimo vile. Mimi kila nikifundisha mahali hapa husimama kidogo, kwa sababu sijaona jambo zuri kuliko hili katika fizikia yote ya sekondari.

Redio ni mwanga ambao jicho halioni. Kasi ni mita 300,000,000 kwa sekunde, masafa ni 100,000,000 kwa sekunde, gawanya: urefu wa wimbi ni mita 3. Mwambie binti apime antena ya kuvuta ya redio ya nyumbani. Robo ya mita 3 ni sentimita 75, na antena nyingi za redio ndogo zikivutwa zote zinakaribia hapo.

Umeuliza pia kwenye barua yako utamsaidiaje na wewe hukusoma mada hizi. Mwambie akuchoree swali, kisha akuoneshe kila mshale unatoka wapi na unakwenda wapi. Akikwama kwenye mshale, hapo ndipo pa kumpeleka kwa mwalimu wake kesho yake.

*Shikamoo Mwalimu. Naandika kwa mkono wa kushoto. Maswali ya waya ndani ya uga sumaku napata ukubwa sahihi lakini mwelekeo kila siku ni kinyume. Kila siku, si mara moja moja. Naombeni msaada, mtihani umekaribia. (Msichana wa kidato cha nne, Newala)*

Marahaba mwanangu, na asante kwa kuandika "kila siku, si mara moja moja", maana hapo ndipo umenipa jibu. Anayebahatisha hukosea mara hivi mara vile. Anayekosea siku zote kwa namna moja ana jambo moja tu la kurekebisha.

Kalamu yako iko kushoto. Mkono ulio huru ni wa kulia, na huo ndio unaounyanyua. Kanuni ya Fleming ya nguvu kwenye waya inataka mkono wa kushoto. Wenzako wanaoandika kwa kulia wanapata jibu sahihi bila hata kufikiri, kwa sababu mkono wao ulio huru ndio unaotakiwa. Kuanzia leo, ukiona swali la nguvu au la mota, weka kalamu chini kwanza. Kidole gumba ni nguvu, cha shahada ni uga sumaku kutoka kaskazini ya sumaku kwenda kusini yake, cha kati ni mkondo. Mkono wa kulia uuhifadhi kwa maswali ya jenereta, pale waya unaposogezwa na unaulizwa mkondo unaelekea wapi.

Jaribu na swali uliloniandikia. Waya wa sentimita 20 umelala, mkondo wa ampea 3 unakwenda mashariki, uga wa tesla 0.5 unaelekea kaskazini. Shahada kaskazini, cha kati mashariki, na gumba la kushoto linatazama juu. La kulia lingetazama chini, kama ulivyoandika. Ukubwa ni 0.5 × 3 × 0.2, yaani nyutoni 0.3. Waya ukigeuzwa uwe digrii 30 na uga, zidisha kwa sini ya 30, inabaki 0.15. Ukilazwa sambamba na uga, hakuna nguvu kabisa, na hapo usihangaike na vidole.

Kama ni elektroni zinazoruka badala ya mkondo wa waya, kidole cha kati kielekeze kinyume cha zinakokwenda, kwa kuwa chaji yake ni hasi.

Ukitaka kuamini, omba sumaku ya spika mbovu kwa fundi. Kata utepe mwembamba wa karatasi ya alumini (foili), ulegeze juu ya sumaku, gusisha ncha zake kwenye betri ya tochi kwa kitambo kidogo tu usije ukaungua. Utepe utaruka. Geuza betri, utaruka upande wa pili.

*Mwalimu shikamoo. Swali letu: samaki aliye majini anaonekana akiwa sentimita 60 chini, akitazamwa wima kutoka juu. Namba ya kupinda mwanga kwa maji ni 4/3. Kina chake halisi ni kipi? Nimepata 45. Babu yangu ni mvuvi, nilipomsomea jibu alisema haiwezekani, samaki yuko chini zaidi ya anavyoonekana, na ukimrushia mkuki unalenga chini yake. Nani yuko sahihi? (Kidato cha tatu, Kilwa Masoko)*

Marahaba. Babu yuko sahihi, mpe salamu zangu na shikamoo yangu.

Umezidisha 60 kwa 3/4. Ulitakiwa kuzidisha kwa 4/3: sentimita 80. Kosa hili naliona kila mahali, na halitokani na kutojua kanuni. Ukiikariri kanuni kama "kina halisi gawa kwa kina kinachoonekana", siku ya mtihani namba zinabadilishana nafasi. Mchoro haubadilishani. Chora uso wa maji, samaki chini, na mwale unaotoka kwa samaki ukipanda ukiwa umeinama kidogo. Pale unapotoka kwenye maji chora mstari wa wima. Mwanga ukitoka majini kuingia hewani unapinda kwenda mbali na wima. Jicho halijui kwamba umepinda. Linaunyoosha kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka, na mstari huo unakutana na wima wa samaki juu zaidi ya alipo. Kwa hiyo kinachoonekana ni kifupi siku zote, ukitazama kutoka hewani.

Kanuni ya kiasi cha kupinda inaitwa kwa jina la Snell, Mholanzi aliyeifikia mwaka 1621, lakini mtaalamu wa Baghdad aitwaye Ibn Sahl alikuwa ameshaiandika mwaka 984 akitafuta umbo la lenzi la kukusanya mwanga wa jua. Inasema sini ya pembe ya hewani ni sawa na sini ya pembe ya majini mara 4/3, pembe zote zikipimwa kutoka kwenye wima.

Babu lakini anajua zaidi ya swali lenu, kwa sababu yeye hamtazami samaki wima. Anasimama pembeni kwenye mtumbwi. Tuchukue samaki huyohuyo wa sentimita 80, na mwale unaotoka kwake ukiwa digrii 40 na wima. Sini ya 40 ni 0.643, mara 4/3 ni 0.857, pembe ya hewani ni digrii 59. Mwale umesogea pembeni sentimita 80 mara tanjenti ya 40, yaani 67. Unyooshe nyuma kwa digrii 59: 67 gawa kwa tanjenti ya 59 ni sentimita 40. Akitazamwa hivyo, samaki anaonekana kwenye nusu tu ya kina chake. Ile kanuni ya 4/3 ya moja kwa moja ni ya kutazama wima pekee, na mtihani ukikupa pembe usiitumie.

Ukiendelea kuongeza pembe ya majini utafika digrii 48.6, ambapo mwale unatoka ukilala juu ya uso wa maji. Zaidi ya hapo hautoki kabisa, unaakisiwa wote kurudi chini. Katika daftari andika sentimita 80. Kisha fanya hesabu ya pembeni kwa digrii 20 badala ya 40, umsomee babu. Ukipata karibu na sentimita 57, umeielewa.